Radhi Niliyokunyima kwa Ajili ya Kichina

Kibiti, baada ya magharibi

Siwema mwanangu,

Mambo ya safari umeshaambiwa na watu wanaoyajua kuliko mimi. Shangazi yako amekufundisha namna ya kukunja nguo nzito zisijaze begi. Baba yako amekagua pasi yako ya kusafiria kana kwamba yeye ndiye ofisa wa uhamiaji. Bibi yako ametuma mchele kutoka Mohoro, mchele ambao sote tunajua hautafika uendako, ila hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia. Kwa hiyo sitaandika juu ya baridi wala juu ya chakula. Nitaandika juu ya neno moja ambalo hujalisikia kinywani mwangu, na ambalo umelisubiri miezi yote hii bila kuniuliza hata mara moja. Bado sijakupa radhi.

Nyumba yetu haisafirishi mtoto bila radhi ya wazazi wote wawili. Baba yako alikupa yake siku ile ile uliyotuambia kwamba umekubaliwa kwenda China. Yangu niliizuia. Na sote wawili tunajua kwamba ungeweza kupanda ndege bila yangu, maana hakuna ubalozi unaouliza moyo wa mama umelalia upande gani. Tunajua pia kwamba usingepanda. Ungefungua begi lile kimya kimya, ungerudisha nguo kabatini, na usingenilaumu maisha yako yote. Huo ndio uzito ambao nimekuwa nikitembea nao, nao ndio ninaotaka kuutua hapa.

Ninaandika badala ya kusema kwa sababu mdomo wangu una mazoea yake. Nikisimama kusema, hata jikoni, hata mbele ya mtu mmoja anayemenya vitunguu, sauti hupanda yenyewe, mkono huinuka, na kabla sijatambua huwa nimeshaanza kuhutubia. Karatasi haipigi makofi. Labda mbele yake nitakuwa mama tu.

Unajua nilivyoingia chuo kikuu nikiwa mtu mzima, wewe ukiwa umeshamaliza kidato cha sita. Vijana niliosoma nao, umri wako au chini yake, walianza kwa kuniamkia shikamoo wakaishia kuniita Mama Hoja. Palipokuwa na mgomo wa maji bwenini, mimi niliitwa. Palipokuwa na mdahalo, mimi nilisimamishwa. Sikuona haya kuupenda moto ule, na hata leo siuonei haya. Nilikuwa nimekaa kimya miaka mingi nyuma ya mashine ya cherehani, nikisikiliza wanaume wa baraza la jirani wakikosea juu ya kila jambo la dunia, na sasa nilikuwa nimepewa ukumbi.

Mdahalo uliotutia mimi na wewe katika mtihani ulihusu hizi programu za vyuo vya China za kufundisha lugha kwa wageni: je, zina faida kwa kijana wa Tanzania? Mimi nilisimama upande wa kupinga. Nilisema tumevuka mto wa Kiingereza, na kabla miguu haijakauka tunaambiwa tuingie mto mwingine. Nikauliza ni nani amewahi kumwona kijana wa Kichina akipewa mwaka mzima wa kukaa Kibiti, kazi yake ikiwa ni moja tu, kujifunza kuwasemesha wazee wetu kwa adabu. Nikauliza kwa nini anayekuja kununua hajifunzi lugha ya muuzaji. Ukumbi ulisimama. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alisema kwa sauti ya juu, "Mama Hoja, umefunga hesabu," na mwenyekiti akashindwa kuwatuliza watu.

Ijumaa ya wiki hiyo nilirudi Kibiti makofi yakiwa bado yanalia masikioni. Ulinipokea mzigo, ukanipa maji, ukasubiri nimalize kula. Kisha ukatuambia umekubaliwa na chuo kimoja huko China, programu ya lugha kwa wageni, mwaka mmoja, ada imelipiwa, na kwamba mwaka huo ukiisha unaweza kuomba kuingia masomo ya shahada. Baba yako aliinua mikono akaomba dua palepale. Mimi nilikaza uso.

"Kwa safari hiyo," nilisema, "sina radhi ya kukupa."

"Basi nitasubiri, mama," ulisema, ukachukua sahani ukaenda kuziosha.

Mtu aliyezoea kubishiwa, ukimnyima ubishi, unamwacha peke yake na maneno yake. Nililala nikiyasikiliza, nikaona mengi yalikuwa ya kweli, na bado hayakunipa usingizi.

Usidhani nilikaa tu na hasira. Nilimtafuta Mtoro, yule kijana wa Ikwiriri aliyepitia programu ya namna hiyo na kurudi, nikitumaini atanipa silaha. Alinipa za kutosha, ila si zote zilikuwa za upande wangu. Alinieleza kwamba wageni huwekwa bweni lao wenyewe, kwamba asubuhi hukariri darasani na jioni hurudi kuongea Kiingereza na Kiswahili miongoni mwao, na kwamba aliwaona wenzake waliomaliza mwaka na cheti kizuri huku wakishindwa kumwelekeza dereva wa teksi. Alinieleza kwamba yeye mwenyewe aliporudi alipata ukalimani kwenye ujenzi wa barabara, na barabara ilipokwisha na kazi ikaisha, na kila alipokwenda kuomba nyingine aliulizwa swali lile lile: unajua Kichina, na kitu gani kingine?

Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, kwa furaha mbaya. Nikamuuliza, basi, angeweza kurudi nyuma, angekwenda?

"Ningekwenda, shangazi," alisema bila kufikiri. "Kichina changu nilifunzwa na mama mmoja muuza mboga nje ya geti la chuo. Lakini bila darasa la asubuhi nisingeelewa hata bei ya mchicha wake. Ningekwenda tena, ila safari hii ningejua ninachokifuata."

Nilimshukuru, nikaondoka nikiwa nimenuna. Bado sikuwa tayari. Kilichonigeuza hakikuwa hoja. Kilikuwa kitu nilichokiona kwa macho.

Ilikuwa likizo. Wewe ulikuwa ukifanya kazi ya ukalimani kule delta, dikoni kwa mjomba wako Selemani, mahali wavua kaa wanapoleta mawindo yao kuuza. Nilikuja kukutazama, au tuseme ukweli, nilikuja kukurudisha. Kichina chako wakati ule kilikuwa cha kozi fupi ya jioni ya Dar es Salaam, kikaongezewa na simu yako na ukaidi wako. Mnunuzi alikuwa Bwana Lin, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia ya ukindu aliyoinunua palepale.

Bamvua ilikuwa kubwa, mwezi umepevuka, maji yamekupwa hadi mizizi ya mikoko ikabaki wazi kama mbavu. Wanaume na wanawake walikuwa wametoka matopeni na matenga yamejaa, kaa wamefungwa magando kwa kamba. Bwana Lin alichuchumaa, akawa anamchukua kaa mmoja mmoja, anambonyeza tumboni kwa kidole gumba. Aliyekuwa mgumu alikwenda kwenye mzani. Aliyebonyea aliwekwa kando. Siku hiyo rundo la kando lilikuwa linakua, na la mzani lilikuwa limedumaa.

Manung'uniko yalianza chini kwa chini. Mjomba wako alisema mtu huyu anabonyeza kaa kama anachagua parachichi. Mama mmoja akasema kaa ni kaa, bamvua iliyopita alichukua wote, leo kidole kimeota macho. Wakaanza kusemezana kwamba wakate kamba, wawarudishe kaa majini, na bamvua ijayo asiingie mtu kwenye mikoko. Nawe unajua lile diko linalisha nyumba ngapi, na kwamba mnunuzi akiondoka haji mwingine kesho yake.

Hapo nikapanda juu ya kreti. Nilifanya nini kingine, mimi? Nilisema juu ya kidole gumba cha mgeni kinachopima jasho la watu. Nilisema juu ya tope linaloingia hadi kiunoni na mkono unaoingia shimoni bila kujua utakutana na gando au na nyoka. Watu waliitikia, "Waambie, dada," na kila walivyoitikia nilipanda. Bwana Lin hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa mkono wangu. Alisimama, akajifuta viganja kwenye suruali, akaanza kuufungua mzani kutoka kwenye kamba yake. Niliona hilo nikadhani tumeshinda. Tulichokuwa tumeshinda ni diko lisilo na mnunuzi.

Wewe hukupanda juu ya kitu chochote. Ulimwendea ukamuuliza jambo kwa sauti ya chini. Alikujibu kwa ufupi, bila kukutazama. Ukauliza tena, kwa njia nyingine. Mikono yake ikatulia juu ya mzani. Kisha akachuchumaa upya, akamshika kaa mmoja wa rundo la kando, akaanza kusimulia akimtazama kaa yule. Kuna mahali ulimsimamisha. Ukafungua kiganja chako cha kushoto, ukaandika kitu juu yake kwa kidole cha kulia, kama mtu anayechora juu ya maji. Akatikisa kichwa, akafungua kiganja chake, akakuandikia vingine. Ukasema, "Aaa," pole pole, kama aliyefunguliwa mlango. Watu wote dikoni walikuwa wamewageukia nyinyi wawili. Hata mimi, juu ya kreti yangu.

Ndipo ukageuka ukasema, "Mjomba, anasema mama yake alikuwa akiingia matopeni kama nyinyi, na yeye alikuwa akimbebea tenga. Anasema kwao kaa wa mwezi mpevu hawamnunui. Wazee wao wanasema usiku wa mbalamwezi kaa anaogopa kivuli chake, hatoki kula, anabaki maji matupu."

Mjomba wako alikutazama, akamtazama Bwana Lin, kisha akanitazama mimi dada yake.

"Si ndivyo alivyokuwa akisema marehemu baba," alisema. "Kivuli hicho hicho."

Akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa akiijua siri ile tangu utoto. "Kwani nani hapa anampika kaa wa mbalamwezi nyumbani kwake?" akasema yule mama aliyekuwa mkali kuliko wote. "Sisi hatumli. Tunamuuza." Walikuwa wamedhani elimu ya mwezi na kaa ni ya kwao peke yao, kwamba mtu aliyekuja kwa ndege hawezi kuwa nayo. Nawe ukaifasiri hata hiyo, bila kuipunguza na bila kuwaaibisha, na Bwana Lin akacheka akiziba mdomo kwa nyuma ya mkono, kama bibi yako anavyocheka.

Mengine yalikuwa mepesi. Mlikaa juu ya makuti mkakubaliana kwamba kaa wa mbalamwezi watafungiwa vizimbani kule mkondoni, walishwe taka za samaki, wabaki kuwa mali ya waliowavua hadi giza la mwezi liwajaze, ndipo wapimwe. Bamvua zilizofuata watu waliingia kwenye mikoko kama kawaida. Mimi nilishuka kwenye kreti bila mtu kunigundua.

Siwema, nimesikia wasemaji wengi. Nimesikia watu wanaoweza kuufanya ukumbi ulie. Sijawahi kuona kitu kama kile. Neno liliingia kwako limevaa sura nisiyoijua, likatoka limevaa sura ya baba yangu, na njiani halikupoteza kitu. Mwanamke wa upande wa pili wa dunia, ambaye sitajua hata jina lake, alisimama dikoni kwetu na tope miguuni, na watu wa delta wakamtambua. Nilikuzaa, nikakunyonyesha, nikakufundisha kutembea kwenye ukumbi huu huu ninaoandikia, na nilisimama pale nikikutazama kama mtu anayeutazama mto siku ya mafuriko: aliujua jana, leo hajui mwisho wake uko wapi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuchungulia. Umeniona, ukaendelea na yako. Nilikuwa nakutazama unavyoketi barazani na kikombe cha maji, unachovya kidole, unaandika herufi zao kwenye saruji, mchoro mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na zamu yake, na kabla hujafika mwisho wa mstari jua limeshaufuta mwanzo. Ukaanza tena. Nilikumbuka ubao wangu wa chuo cha Kurani, Mohoro, nikiwa mtoto. Msimu wa mpunga familia nzima tulihamia bondeni, tukalala dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo, na kazi ya watoto ilikuwa kufukuza ndege. Mimi niliupeleka ubao wangu huko. Nilikuwa nikiwapigia ndege kelele za alifu, bee, tee, kwa sauti yangu yote, na ndege wakaruka, na nilihisi kwamba herufi zile zina nguvu juu ya viumbe. Sikuelewa neno hata moja la nilichokuwa nikisoma. Hakuna aliyeniuliza kama Kiarabu kinalipa. Baadaye nikapewa Kiingereza, na hapo pia hakuna aliyeuliza. Ilipofika zamu yako, mimi niliyepewa herufi za mataifa mawili bila kuhojiwa, nikasimama jukwaani nikadai hesabu ya faida.

Hesabu hiyo, hata hivyo, usiitupe. Mtoro hakusema uongo. Mwaka mmoja wa darasa la wageni unaweza kupita juu yako kama mvua juu ya jani la mgomba, ukatoka mkavu. Kama ungeniuliza leo, kwenye ukumbi ule ule, kama programu hizi zina faida, ningesema swali limeulizwa vibaya. Cheti hakitakulisha. Ufasaha peke yake hautakulisha pia, maana mkalimani asiyejua kaa, asiyejua saruji, asiyejua dawa wala sheria, ni mlango usio na nyumba nyuma yake. Ulichokifanya dikoni kilikuwa na nusu mbili. Nusu moja ni Kichina, na hiyo ndiyo unayoifuata. Nusu ya pili ni kwamba ulijua mjomba wako hukasirika kwa kutania, ulijua bamvua, ulijua Kindengereko cha wale mama kwa kiasi cha kusikia lini manung'uniko yamekuwa hatari. Nusu hiyo hakuna chuo kitakachokupa. Unakwenda nayo. Niliyoyasema juu ya Kiswahili siyafuti: mtu akikuuliza huko lugha yako ni ipi, usimjibu ukitazama chini. Na ukifika wakati wa kuchagua shahada, chagua kitu ambacho watu wa hapa wanakihitaji hata mnunuzi asipokuja.

Bweni la wageni litakuwa na starehe yake, watakuwepo Watanzania, mtacheka, mtapika ugali wa unga wa kubahatisha. Cheka nao. Kisha toka nje ya geti. Utakosea, na watu watakutazama, na utatamani kurudi ndani. Mimi niliogopa kitu hicho maisha yangu yote, kukosea mbele za watu, na ndiyo maana nilijifunza kusema kwa nguvu kiasi kwamba hakuna anayepata nafasi ya kunisahihisha. Wewe ulifungua kiganja chako mbele ya umati mzima ukakubali kusahihishwa. Sijui ulijifunza wapi jambo hilo. Si kwangu.

Muhula utakapofunguliwa nitaomba nafasi kwenye mdahalo na nitasimulia habari ya diko, bila kreti. Vijana watasema Mama Hoja amezeeka. Waache waseme.

Sasa neno lenyewe. Usiku ule nilikunyima radhi kama mtu anayezuia kura, nikingoja unishawishi. Radhi si kura, na wewe ulilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana hukubishana. Kwa hiyo ninakupa isiyo na sharti. Ukirudi na lugha kamili, unayo. Ukirudi na nusu, unayo. Ukishindwa ukarudi kabla ya mwaka kwisha, ukashuka kituoni Kibiti na begi lile lile, unayo, na wa kwanza kukupokea mzigo nitakuwa mimi. Nimekuridhia kwa moyo mweupe, mwanangu, mbele ya Mungu, na nimemridhia yule utakayekuwa hata nikiwa sitamwelewa.

Asubuhi nitakushika kichwa nikutamkie haya kwa mdomo, kama inavyotakiwa. Yatakuwa maneno machache sana. Usinisubiri niongeze.

Mama yako